Korongo Wawili: Uhakiki wa Majina ya Ndege Darasani

Mwalimu wa Kiswahili afundishaye Kampala hana haja ya kwenda msituni kutafuta ndege. Akifungua dirisha la darasa atamwona kaloli juu ya mti au kando ya lundo la taka, kunguru ukutani, na mwewe akizunguka angani. Siku moja tuliwatoa wanafunzi wetu uani, na mmoja wao akatuuliza jina la Kiswahili la kaloli. Tukajibu: korongo. Akatukumbusha ndege aliye katikati ya bendera ya taifa, ambaye Waganda humwita ng'aali, akauliza, "Na huyo je, Mwalimu?" Tukajibu: korongo. Darasa zima likacheka, nasi hatukuwa na la kuongeza.

Kicheko kile kilitufanya tuvirudie vitabu tuvitegemeavyo. Katika makala haya tutavihakiki kwa ufupi vya aina mbili: vitabu vya kutambulia ndege, na kamusi.

Kitabu cha J. G. Williams, kilichotoka mwaka 1963, kiliwaongoza watazamaji wengi wa ndege katika Afrika ya Mashariki. Siku hizi wengi hutumia kile cha Terry Stevenson na John Fanshawe, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 2002, ambacho kinahusu Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. Sifa yake kubwa ni mpango wake. Picha zimewekwa upande mmoja, na mkabala wake pana maelezo na ramani. Ndege wanaofanana wamewekwa pamoja ili tofauti zao zionekane. Kwa kazi hiyo waandishi wanastahili shukrani.

Hata hivyo, picha nzuri humvuta anayeanza aitazame rangi kabla ya jambo jingine lolote, na rangi hudanganya. Kwarara akiwa kivulini ni wa kijivu na hudhurungi. Jua likimpiga bawani, hung'aa kijani. Anayeanza hudhani ameona ndege wawili. Mtazamaji mzoefu huanza na ukubwa, akimlinganisha ndege huyo na mwingine anayemjua, kama njiwa au kunguru. Kisha hutazama umbo la mdomo, mwendo na mahali, na husikiliza sauti. Rangi huja baadaye. Kwa njia hiyo kwarara hatampotea, kwa kuwa mdomo wake ni mrefu na umepinda kuelekea chini, na kelele zake za alfajiri huwaamsha watu kabla hawajamwona.

Kasoro ya pili yatuhusu sisi zaidi. Majina katika vitabu hivyo ni ya Kiingereza na ya kisayansi, kwa hiyo mwalimu hulazimika kukimbilia kamusi. Kamusi zetu, kuanzia Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, zimehifadhi majina mengi ya ndege, lakini mara nyingi maelezo hukomea kwenye ukubwa na rangi, au husema tu kwamba hiyo ni aina ya ndege. Chukua neno kunguru. Mtoto wa Unguja hulisikia akamfikiria ndege mwenye shingo ya kijivu, ambaye aliletwa huko kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19. Mtoto wa Kampala humfikiria ndege mweusi mwenye kifua cheupe. Neno ni moja, ndege ni wawili, na kamusi haimwambii mwalimu asimame wapi.

Katika neno korongo hasara ni kubwa zaidi. Ng'aali ana taji la manyoya ya dhahabu na mdomo mfupi, hupenda mabwawa na malisho, na akiruka hunyoosha shingo. Kaloli ana upara, mdomo mnene mrefu na mfuko uning'iniao shingoni, na akiruka hukunja shingo. Mwanafunzi aliyeyaona haya hawachanganyi tena, hata kama hana jina la kuwapa. Tangu mwaka 2012 ng'aali amewekwa katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka duniani, ilhali kaloli anastawi kwa taka za mji. Lugha inayowaita wote wawili korongo itashindwa hata kueleza ni yupi anayepotea.

Wapo walimu wenzetu wanaoshikilia kwamba lisitumike darasani neno lolote lisilokuwamo katika kamusi. Hatukubaliani nao. Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa hapa Uganda mwaka 1973, wakati wa utawala wa Idi Amin, na Waganda wengi walikisikia kwanza vinywani mwa askari. Mwaka 2005 kilifanywa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Kikija kwa watoto na maneno machache kuliko waliyo nayo tayari, watakiona mzigo. Isitoshe, lugha hizi ni ndugu: yangeyange wa Waswahili ndiye nnyange wa Waganda, na masikio yenyewe yatambua udugu huo.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, ng'aali aitwe korongo taji, kama waandishi wengine wafanyavyo, na kaloli apokewe katika Kiswahili kwa jina lake hilo hilo. Pili, zoezi la kutambua ndege liwe zoezi la lugha: mwanafunzi amweleze ndege kwa sentensi tano bila kumtaja, kisha atoe jina la lugha ya nyumbani, kisha la Kiswahili, na mwisho afungue kitabu ahakikishe. Tukifanya hivyo, mwanafunzi atajifunza kuona na kusema kwa pamoja.

Wahenga walisema kila ndege huruka kwa ubawa wake. Basi na aitwe kwa jina lake.