Majina Nyuma ya Picha

Nilikaa kando, huko Birere, mjini Goma, nikamtazama kijana mmoja akifanya kazi ambayo hakuna anayemlipa. Mbele yake mama mzee alifungua kitenge alichofungia picha zake, kitenge kilekile alichokimbia nacho kwenda Gisenyi usiku wa volkano ya 2002. Picha zilikuwa zimejikunja pembe kwa kubanwa na fundo. Kijana alichukua moja, akaipangusa, akailaza kwenye mwanga wa mlango, akaipiga kwa simu yake mbele na nyuma. Nyuma hapakuwa na neno hata moja. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza.

"Mama, huyu wa kwanza ni nani?"

Akanyamaza, akasubiri. Baadaye picha ingepanda kwenye intaneti pamoja na majina ya ukoo, na jambo hilo la kubonyeza ni dogo. Ufundi uko katika kule kusubiri, na katika kujua swali gani lifuate.

Hakuuliza picha ni ya mwaka gani. Mzee wa Goma humwulizi hivyo. Unamwuliza: kabla ya volkano ya 1977 au baada? Wakimbizi wa Rwanda wa 1994 walikuwa wamekwisha kuja? Mama alisita. Kijana akamwonyesha ukuta nyuma ya wale watu: ni kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, lile lililoangamizwa na lava ya Januari 17, 2002. Picha ni ya kabla, basi. Ukuta ambao haupo tena ukawa shahidi.

Kisha mama akamtaja shemeji yake kwa jina moja, na punde kwa jina lingine. Mwenye pupa angeandika watu wawili. Kijana akauliza taratibu, "Hilo la pili ni la wakati wa Mobutu?" Mama akacheka: ndiyo, mwanangu. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yalipigwa marufuku. Rais Mobutu mwenyewe akaacha kuitwa Joseph-Désiré. Ndiyo maana katika koo zetu mtu mmoja hubeba majina mawili, na asiyejua hilo humkata mtu vipande. Kijana akayaandika yote mawili kwenye mstari mmoja.

Kazi hii ina wazee wake. Mwaka 1965, huko Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, André Yav aliandika historia ya mji ule kwa Kiswahili cha watu wake, kwa niaba ya chama cha watumishi wa zamani wa majumbani mwa Wazungu. Hawakungoja profesa awaandikie. Leo maandishi yale yako kwenye intaneti, na mtoto wa Goma anaweza kuwasikia watu wa Katanga wakijieleza kwa vinywa vyao.

Na sisi? Simu zetu zimejaa picha za harusi na za matanga, wala hatuandiki jina hata moja. Tunasema tutakumbuka. Marehemu baba yangu naye alisema hivyo; ninazo picha zake, na nyuso nyingi ndani yake ni za wageni kwangu. Juu ya lava tumejenga upya, mawe yaleyale meusi tukayafanya kuta. Lakini jina lililokwenda na mwenye kulijua halichongwi kutoka kwenye jiwe.

Mtu wa tano katika picha alikuwa msichana mwenye gauni la maua, mkono wake begani kwa mama. Mama alimtazama muda mrefu. "Huyu… tulikuwa tunateka maji pamoja ziwani. Huyu…" Midomo ikachezacheza, jina lisije. Kijana hakukisia. Aliandika tano, akaandika habari ya maji ya ziwani, akaacha mahali pa jina wazi.

Tulipoaga, mama alikuwa bado ameishika picha ile, akimwuliza msichana yule jina lake.