Fundi wa Kutenganisha Wapendanao

Kuwakutanisha wapendanao katika riwaya ni kazi nyepesi. Macho yakutane, moyo ushtuke, msomaji ameridhika. Ufundi huanza pale mwandishi anapowatenganisha, siku zikawa zinakwenda, nasi bado hatutaki kukifunika kitabu. Shafi Adam Shafi anaujua ufundi huo. Vuta N'kuvute, iliyotoka mwaka 1999, ndiyo riwaya ninayompa mtu yeyote aliye mbali na mwenziwe.

Isome Nchelenge, ufukweni mwa Ziwa Mweru, utaielewa zaidi. Mpaka wa Zambia na Kongo umepita majini, na ndugu wapo pande zote mbili. Enzi za ukoloni vijana wa mkoa huu wa Luapula walikwenda kutafuta kazi katika migodi ya Katanga, wake wakabaki na watoto na mashamba ya mihogo. Mwaka 2017 safari ikageuka: Wakongo waliokimbia mapigano walipokewa katika kambi ya Kenani, kisha wengi wakapelekwa makazi ya Mantapala, humuhumu wilayani Nchelenge. Kiswahili chao cha Katanga kikaja nao, na habari za waliobaki ng'ambo.

Katika riwaya, Yasmin, binti wa Kihindi wa Unguja, anaozwa Raza, mtu aliyemzidi umri mno. Anamkimbia, kwao wanamkataa, rafiki yake Mwajuma anampokea. Kisha anampenda Denge, kijana aliyesoma Urusi na anayepambana na serikali ya kikoloni. Kinachowatenga wawili hawa ni polisi. Denge anaweza kuwa mtaa wa pili tu na asifikike, na hapo ndipo ninapomvulia Shafi kofia: uchochoro mmoja wa mjini ameufanya mrefu kuliko safari ya meli.

Tena hakumweka Yasmin dirishani kungoja. Yasmin anaishi, anajifunza watu, anakomaa, hata yule wa kurasa za mwisho humtambui kwa yule wa mwanzo. Waandishi wavivu huandika kwamba miaka mitatu ilipita, wakadhani wamemaliza. Muda wa anayesubiri haupiti hivyo; huhesabiwa msimu kwa msimu. Hapa Mweru uvuvi hufungwa Desemba mpaka mwisho wa Februari. Ukifunguliwa, taa za wavuvi wa chisense, ndugu wa dagaa, huwaka tena usiku ziwani. Samaki huanikwa, magunia hujazwa, malori huyapeleka miji ya Copperbelt. Mke anayemsubiri mumewe ananunua sare ya mtoto kwa pesa hiyo. Mwaka unaofuata ile sare imembana mtoto, na baba yake hajarudi. Mwandishi fundi ataiandika sare hiyo, na neno upweke hatalihitaji kabisa.

Amil Shivji aliigeuza Vuta N'kuvute kuwa filamu mwaka 2021, na ni filamu ya kupendeza. Hata hivyo kitabu kina kitu ambacho sinema haiwezi kukupa: kinakufanya usubiri kwa usiku kadhaa wako mwenyewe, ukilala bila kujua kama Denge amekamatwa.

Mtihani mkubwa ni kuwaonanisha tena. Waliotengana hurudi wakiwa watu wengine, na mwandishi mwoga huwakumbatisha haraka ili tusiulize. Namna Shafi alivyofunga hesabu ya Yasmin na Denge sikuambii. Nakuambia tu kwamba hakumpunja yeyote kati yao, na kwamba niliirudia sura ya mwisho papo hapo, kabla sijainuka.