Tofali Linapoiva

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii nimeifundisha darasani miaka mingi, na kila nilipoieleza niliuweka ukuta mahali pa adhabu: mzembe aliyeudharau ufa ndiye anayeishia kubeba matofali. Siku hizi naieleza kwa kusitasita. Nimejenga ukuta mmoja, nikajenga wa pili na wa tatu mpaka zikawa kuta za nyumba, na adhabu sikuiona.

Kwetu mtu akisema "najenga", mara nyingi maana yake ni kwamba analipa. Mwezi huu kanunua lori la mchanga, mwezi ujao mifuko mitano ya saruji, kisha anaitwa fundi, fundi anakuja na saidia wake, na mwenye nyumba anapita Jumapili kuangalia kazi ilipofikia. Silaumu hata kidogo. Ndivyo nchi hii ilivyojijenga. Pita barabara yoyote inayotoka mjini, iwe ya Chanika au ya Pongwe, utayaona maboma yasiyo na bati, mengine mpapai umeota chumbani hadi umezaa, na kila boma ni akiba ya mtu asiyekopesheka. Mimi nilipoanza, akiba yangu ilikuwa ya mwalimu wa shule ya msingi. Cha kuongeza juu yake nilikuwa na mikono na likizo.

Kiwanja changu kiko Muheza, pembezoni mwa mji, kwenye udongo mwekundu unaong'ang'ania soli ya kiatu. Udongo huo ndio ulionishawishi. Wengi huufyatua na kuuchoma, na tofali la kuchoma ni zuri, ila tanuri moja hula kuni nyingi mno, na misitu ya Usambara inayoonekana kutoka kiwanjani kwangu haina miti ya kuchezea. Nikachagua tofali la kufungamana: udongo wenye saruji kidogo, unashindiliwa kwa mashine ya mkono, moto hauhusiki. Mashine ya namna hii iliyoenea kwanza duniani ni CINVA-Ram, aliyoibuni Raúl Ramírez huko Bogotá, Kolombia, miaka ya 1950: kisanduku cha chuma chenye mpini mrefu, watu wawili wanakibeba, na asiye fundi anaweza kukitumia. Hapa nchini Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umewafundisha watu tofali lenye ulimi juu na tundu chini, likalalia jingine bila saruji katikati.

Nilianza likizo ya Juni, masika yakiwa yamekwisha. Kabla ya yote niliuuliza udongo. Udongo wa juu, ule mweusi wenye mizizi, unaondolewa wote, maana mabaki ya majani hudhoofisha saruji. Wa chini yake nikautia kwenye chupa hadi theluthi, nikajaza maji, nikatikisa, nikaiweka dirishani hadi kesho yake. Mchanga ulikuwa umetangulia kulala chini, juu yake vumbi laini, na juu kabisa utando wa mfinyanzi, mnene kuliko nilivyotaka. Udongo wenye mfinyanzi mwingi hupasuka ukikauka, kwa hiyo ilibidi niupunguze ukali kwa mchanga wa mtoni. Nilichekecha, nikachanganya saruji ndoo 1 kwa udongo ndoo 12, nikageuza kwa koleo mpaka rangi ikawa moja, kisha nikanyunyiza maji. Kipimo cha maji hakina kitabu. Unafinya tonge la udongo mkononi, unaliachia kutoka usawa wa bega. Likitapanyika kama unga, ongeza maji. Likibaki bonge moja limebonyea, umezidisha. Likivunjika vipande vinne au vitano, kimbilia mashine, kwa sababu saruji imeshaanza kazi yake na haikungojei.

Kufyatua kwenyewe kuna utamu nisioweza kuunyamazia. Unajaza kisanduku, unasukuma udongo pembeni kwa vidole ili kona zishibe, unafunga kifuniko, unavuta mpini. Mwanzoni mpini unashuka bure. Halafu udongo unaanza kubisha, na hapo unaning'inia kwa uzito wako wote hadi unasikia chuma kikigota. Ukigeuza mpini upande wa pili, tofali linapanda lenyewe kutoka kisandukuni, limenyooka, lina kingo, linanukia mvua ya kwanza. Ni bichi. Unalishika kwa viganja viwili pande zake, bila kulibana, na ukikosea kidogo dole gumba linaacha kishimo. Siku ya kwanza nilitoa matofali 41. Nusu yake yalikuwa na vishimo.

Jirani yangu, bibi aliyeishi mtaa ule tangu ukiwa mashamba ya michungwa, alikuja siku ya tatu akasimama karibu na rundo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza nani ananisaidia kuandaa udongo. Hakuuliza kwa nini mwanamke anajenga, wala fundi yuko wapi. Wenzangu wa shuleni ndio waliouliza hayo. Kwake yeye hapakuwa na cha kushangaa. Alinisimulia nyumba yake ya kwanza: wanaume walichimbia nguzo na kufunga fito, ukaitwa msaragambo, kazi ya pamoja, wanawake wakakanyaga udongo kwa miguu tangu alfajiri na kukandika kuta hadi jioni. "Kila mtu na kipande chake," akasema. "Ukikauka unaona vidole vya fulani, vidole vya fulani. Hata akishakufa unaviona."

Nimeyafikiria sana maneno hayo. Tunaita ujenzi wa mwenye nyumba jambo la ajabu, jambo la mtu aliyeishiwa au aliyepata wazimu, ilhali ni juzi tu karibu kila mtu alikuwa mjenzi wa nyumba yake. Kilichobadilika ni saruji na bati, vitu vinavyouzwa dukani, vikaja na hofu kwamba bila aliyesomea huwezi kuvigusa. Baadhi ya hofu hiyo ni ya haki. Nyingine ni mazoea tu.

Ya haki niliijua kwenye kupima. Kona ya nyumba huwekwa kwa kamba: mita 3 upande huu, mita 4 upande ule, na mshazari ukisoma 5 kamili, kona imekaa. Kanuni ya Pythagoras nimeiandika ubaoni mara zisizohesabika. Siku niliyoivuta kwa uzi wa nailoni kati ya mambo za mti (hata hapa Tanga penye katani, uzi ni wa nailoni, maana katani ikipata umande hubadilika urefu) mikono ilinitetemeka kwa furaha. Usawa wa msingi nikauchukua kwa mpira wa maji, ule mwembamba unaoonyesha, ambao maji ya ncha zake mbili husimama sawa hata kona zikiachana mita 10. Nikalaza kozi ya kwanza kwenye saruji. Hiyo pekee ndiyo inayolazwa kwenye saruji. Zinazofuata hupangwa kavu, ulimi ndani ya tundu, na kwa hiyo zinaiga kila kitu cha kozi ya kwanza, uzuri na ubaya.

Kozi ya kumi nikahisi kitu hakiko sawa upande wa chumba cha kaskazini. Nikamwita fundi mzee wa mtaa wa pili. Alikuja na timazi mfukoni, akaliteremsha kutoka juu ya ukuta, akasubiri litulie kabisa ndipo akainama kutazama. Pengo la chini lilikuwa sentimita 2.

"Mwalimu, pima maji uliilaza kwa urefu," akasema. "Ungeilaza na kwa upana."

Hesabu yake ilinijia palepale. Tofali langu lina upana wa sentimita 15 na kimo cha sentimita 10. Likiinamia nje kwa milimita 3 tu, unene wa sarafu mbili, mita moja juu ukuta umeshatoka nje sentimita 2, na ukifika kwenye lenta umetoka zaidi ya 4. Nikauliza kama lipu isingeficha. "Itaficha," fundi akajibu, "lakini lenta utailaza wapi?" Akakaa chini ya mwembe kuniangalia nikibomoa. Kwa kuwa matofali yalipangwa makavu, yaliteremka mazima, moja moja, ni kozi ya kwanza pekee niliyoing'oa kwa sururu. Siku mbili zilitosha kurudi nilipokuwa.

Tangu siku hiyo sipiti kwenye ukuta bila kuuangalia unavyokwenda. Naona mstari wa tofali ulioshuka kwenye kona ya duka, naona dirisha ambalo fundi alilipima mara mbili. Zamani niliwalipa mafundi na kuwapunja kwa maneno, eti wanapoteza muda kuvuta kamba kabla hawajashika mwiko. Ule muda wa kamba ndio ufundi wenyewe. Kulijua hilo kuligharimu kozi kumi, na naona nililipata kwa bei nafuu.

Kisha kuna maji. Watu husema saruji inakauka. Haikauki: inakunywa maji na kugeuka kitu kingine kigumu, ndiyo maana hushika hata ikiwa imezamishwa. Ikiachwa juani ikapoteza maji yake mapema, kazi inakatikia njiani, na tofali linabaki la kuvunjika kwa kidole. Mimi huona neno la jikoni ndilo linalofaa: tofali linaiva. Wiki nzima nililifunika kwa nailoni na nyasi, nikalimwagilia saa kumi na moja alfajiri kabla ya kwenda shule na tena magharibi, ndoo mbili mbili kutoka kisimani, kisha nikaliacha mpaka mwezi utimie kabla ya kulipandisha ukutani. Zege la lenta nalo hivyohivyo. Kazi hii haionekani. Mpita njia anaona mtu anamwagilia rundo la udongo.

Waliojenga pwani hii kabla yetu waliijua subira hiyo. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani na majumba ya Lamu yamesimama kwa chokaa ya matumbawe, yaliyochomwa juu ya tanuu la magogo, kisha chokaa ikaachwa miezi ilegee ndipo ijengewe. Na vyumba vyao ni virefu na vyembamba, upana wa mita 3 au pungufu, kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya hapo kwa usalama. Mti ndio ulioamua chumba. Kwangu aliyeamua ni tofali la sentimita 30: chumba cha mita 3 ni matofali 10, cha mita 3.6 ni 12, na mlango nikausogeza pale ulimi na tundu vilipokubali. Niliyechora ramani kwenye daftari la mazoezi nilijifunza kuifuta.

Paa sikulipanda. Kenchi na bati niliwaachia mafundi wa kupaua, umeme nikamwachia mwenye leseni, na naona ni haki kuyasema hayo wazi. Kuta ni zangu.

Sikuzipiga lipu ndani. Nimezipaka mafuta tu, wekundu wake unaonekana. Juzi bibi jirani alikuja kunitembelea kwa mara ya kwanza tangu nihamie, akakataa kiti, akatembea taratibu akipapasa ukuta wa sebuleni kwa kiganja kama anayetafuta kitu. Akasimama karibu na dirisha. Kwenye tofali moja, usawa wa kifua chake, palikuwa na kishimo.

"Kidole chako hiki?"

"Changu, bibi."

Akatia dole gumba lake humo. Likaenea.