Pongezi kwa Mpagazi na Askari

Mwishoni mwa Mei 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, jeshi la Waingereza la Jenerali Northey lilivuka mpaka kutoka Nyasaland, likaitwaa Tukuyu, ambayo Wajerumani waliiita Neu Langenburg. Vitabu humtaja jenerali. Mimi nampongeza mpagazi. Huku hakukuwa na reli, na magari yalizama topeni. Kwa hiyo risasi na unga vilipandishwa milimani kichwani mwa mtu. Mzigo ulikaribia kilo 25, naye akitembea pekupeku, mvua ya Rungwe ikimlowesha, tumbo halijashiba. Wapagazi wengi zaidi waliuawa na kuhara na homa ya mapafu kuliko risasi.

Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, vijana wa Tanganyika walivaa sare ya Keya, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, wakapigana Uhabeshi, Madagaska, kisha Burma. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliwafukuza Wajapani kwenye Bonde la Kabaw katikati ya mvua kubwa, ikaingia Kalewa mwezi Desemba. Hongera zao!

Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa 1927, ni ya mwenye bunduki, ingawa maandishi yake yanawataja wapagazi pia. Mpagazi anastahili sanamu yake, na ningependa isimame Tukuyu.