Kidung'ata wa Thika na Safari ya Bure ya Asia

Nitasema mapema ili tusizungushane: kumwita kidung'ata wa kahawa wa Thika, Kenya, Pseudococcus lilacinus lilikuwa kosa, na kuagiza nyigu wa kimelea kutoka Asia wamdhibiti kwa kuliamini jina hilo lilikuwa kosa kubwa zaidi. Mlipuko wake wa 1923 kwenye mikahawa mnaujua, pamoja na sisimizi waliowalinda vidung'ata, ukungu mweusi majanini na mikanda ya grisi kwenye mashina. Siurudii.

Nataka kukaa kwenye uamuzi wenyewe. Mdudu alianza kwa kuitwa citri, yule wa michungwa. Baadaye akabandikwa lilacinus, wa Asia, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Katika udhibiti wa kibiolojia, jina ndilo linaloamua meli itie nanga wapi. Jina la Asia likawapeleka watu mpaka Ufilipino. Nyigu wakaletwa, wakashindwa kushika.

Hapo mchambuzi yeyote makini angesimamisha kazi. Nyigu wa kimelea ni mchaguzi kuliko mtaalamu mwenye darubini, kwa kuwa uzao wake wote unategemea kumpata mwenyeji sahihi. Akishindwa kuzaana ndani ya mdudu uliyempa, shuku jina kabla ya kulaumu hali ya hewa au sanduku la safari. Waliokuwa kazini walikuwa na jibu mezani, lakini waliendelea kuitegemea karatasi.

Kinachoniudhi zaidi ni Uganda. Kidung'ata huyuhuyu aliishi huko bila kuwa janga, na swali la mwanagenzi ni: nani anamzuia? Reli ilikuwa imefika Kampala tangu 1931. Walivuka bahari kutafuta kilichokuwa kwa jirani.

Mwaka 1935 mtaalamu wa wadudu Le Pelley alimtangaza kidung'ata huyo kuwa spishi mpya, kenyae, na nyigu wa Uganda, wakiwemo wa jenasi Anagyrus, wakaachiliwa 1938. Kazi safi. Makadirio ya mwisho wa miaka ya 1950 yalisema sekta ya kahawa iliokoa pauni milioni 10 kwa gharama isiyozidi 30,000. Sasa piga hesabu ya miaka iliyopotea kabla ya hapo.

Nimelisema mara nyingi na sichoki: mdudu hatambuliwi kwa maiti yake kwenye pini peke yake. Umbo hudanganya. Huko Taiwan, minyoo vimelea ya Chordodes humwathiri vunjajungu dume wa Hierodula formosana hata akachukua baadhi ya maumbile ya kike. Mpe mtu sampuli kama hiyo bila kumweleza habari ya mnyoo, na usishangae akikurudishia jina jipya la Kilatini. Anachokula, anayemla na mahali alipozaliwa ni sehemu ya utambulisho.

Wazee wa kazi hii walilijua hilo. Mwaka 1888 mtaalamu wa wadudu Koebele alitumwa Australia kwa sababu asili ya Icerya purchasi, mdudu aliyeharibu michungwa ya California, ilikuwa imefuatiliwa kwanza. Akapeleka Rodolia, mdudu kobe mwekundu, na michungwa hiyo ikapona.

Lakini somo la Thika halikushika. Kidung'ata wa muhogo alipoivamia Afrika, watafutaji walianzia kaskazini mwa Amerika Kusini, wakakusanya vimelea vya spishi nyingine, ile iliyokuja kuitwa Phenacoccus herreni. Vikakataa. Kidung'ata wa muhogo mwenyewe, Phenacoccus manihoti, alipatikana Paraguay mwaka 1981. Wa 1923 walikuwa na udhuru wa kutangulia. Hawa hawakuwa nao.

Kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru kimetupa aina za kahawa za Ruiru 11 mwaka 1985 na Batian 2010, na sifa zake zinaimbwa ipasavyo. Mtambuzi wa wadudu haimbwi na mtu, wala bajeti haimkumbuki. Msimamo wangu ni uleule: kabla ya kusaini hati ya kuagiza nyigu hata mmoja, wizara idai jina lililothibitishwa na wataalamu wawili, pamoja na ripoti kutoka nchi jirani. Bila hivyo, sahihi isiwekwe.