Yule mtoto wa Malawi, ile filme, na sisi wenye lisansi

Siku ya Mungu iliyopita mjomba wangu alinipiga neno moja mezani, bugali ikiwa bado ya moto. Alikuwa ametoka kuangalia filme kwenye telefone ya mtoto wake, ile ya kijana wa Malawi na mashine ya upepo. Akaniangalia, akasema: "Mupwa, ule mtoto balimufukuza masomo juu ya minervali, akasoma kitabu moja tu, akalisha kijiji muzima. Weye uko na lisansi ya agronomi. Umelisha nani?"

Watu wote wakacheka. Mimi pia nikacheka, lakini bugali ilikataa kushuka.

Njo maana naandika leo. Ile hadithi naipenda tangu zamani. Kitabu nilikisoma nikiwa fakilte, nakala ya kuazima, kurasa zingine zilikuwa zimeanza kutoka. William Kamkwamba alikiandika pamoja na Bryan Mealer, kikatoka mwaka 2009. Filme ilikuja mwaka 2019, ikapita kwenye Netflix. Aliyeitengeneza ni Chiwetel Ejiofor, yule mliyemuona katika 12 Years a Slave, na yeye mwenyewe anacheza baba wa kijana, Trywell. Kijana anachezwa na Maxwell Simba, Mkenya. Mama, Agnes, ni Aïssa Maïga.

Sisi tunaopenda kitabu tuko na tabia moja mbaya. Tunaingia kwenye filme kama wakaguzi. Tunahesabu: hapa wamekata, hapa wameongeza, huyu hakuwa hivi. Mara ya kwanza niliangalia na rafiki zangu wawili wa promosheni, na nusu ya wakati nilikuwa nawaambia "katika kitabu haikuwa vile." Mwishowe mmoja akaniuliza kama nilikuja kuangalia filme ao kuisahihisha kama interogasio. Alikuwa na haki. Niliiangalia tena peke yangu, mdomo umefungwa.

Na nilikuta vitu vizuri. Walipiga filme kulekule Malawi, na watu wanasema Chichewa. Mtu wa kwetu akisikiliza anashtuka: njaa kwao ni njala, maji ni madzi, upepo ni mphepo, nyumba ni nyumba. Unasoma maandishi ya Kifaransa huko chini, lakini sikio linakimbia mbele ya macho. Hiyo furaha kitabu hakikunipa.

Kitu kingine ni baba. Katika kitabu, William njo anasimulia, kwa hiyo baba yake tunamuona kwa macho ya mtoto. Katika filme tunaingia ndani ya aibu ya mwanaume mwenye shamba ambaye hana cha kuweka kwenye sahani. Kijana anapoomba baiskeli ya baba ili akate chuma na kupata gurudumu, baba anawaka. Wengine wanasema wameongeza chumvi. Mimi nasema hapana. Baiskeli kwa mkulima ni gunia linalofika soko, ni mgonjwa anayefika hospitali. Kumwambia aitoe ivunjwe juu ya ndoto ya mtoto, wakati wa njaa, ni kumuomba kitu cha mwisho. Ejiofor alielewa pale kuna filme, na alichimba palepale. Kama kubadilisha ni vile, wabadilishe tu.

Lakini kuna badiliko moja ambalo mimi, kama agronomu, siwezi kulimeza. Na ni lile lililonipiga kwenye meza ya mjomba.

Filme imegawanywa kwa kufuata majira ya shamba: kupanda, kukua, kuvuna, njaa, kisha upepo. Mpango mzuri sana. Inajua kwamba njaa inajengwa polepole, mwezi kwa mwezi. Inaonyesha mvua iliyoharibika na serikali isiyotaka kusikia. Lakini ikifika sehemu ya upepo, inasahau kalenda. Mashine inasimama, betri inajaa, pompe inavuta maji, shamba linakuwa kijani, watu wanaimba. Unatoka pale na wazo moja: mashine njo iliua njaa.

Katika kitabu mambo yanafuatana vingine. Njaa ya 2001 na 2002 ilikuwa na sababu nyingi: mafuriko na ukame, mbolea iliyopanda bei, na akiba ya mahindi ya nchi iliyokuwa imeuzwa. Ilianza kulegea wakati mahindi mapya yalipokomaa shambani. Mashine ilikuja nyuma ya hapo, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwasha taa ndogo katika chumba cha kijana. Baadaye watu wakaleta telefone kuchaji. Mambo ya maji yalifuata baadaye zaidi.

Mtu ataniuliza: sasa hiyo iko na shida gani? Filme iko na saa mbili tu, inatafuta mwisho wenye nguvu, na taa ndogo haitoshi kuliza watu. Naelewa. Lakini tufikiri kidogo. Mahindi, ata yale ya haraka, yanaomba karibu miezi mitatu kutoka mbegu mpaka chakula. Kwa mtu aliyelala bila kula leo, pompe ya leo ni chakula cha miezi mitatu mbele, na bado unahitaji mbegu na mbolea. Akina mama wa kijijini wanajua hesabu hiyo kuliko mimi. Filme iliwaonyesha muda wote kama watu wanaoijua, kisha mwishoni ikaiweka pembeni.

Na hasara ni kubwa kuliko kosa la kalenda. Ukisema mashine iliua njaa, basi waliouza akiba wanatoka bila deni. Bei ya mbolea inasahaulika. Inabaki mtoto mmoja mwenye akili, na wengine wote wanaonekana walikosa akili tu. Njo vile mjomba anaweza kuangalia filme ya huzuni juu ya mtoto aliyenyimwa masomo, na kutoka na fundisho kwamba masomo si kitu.

Wakati hadithi yenyewe inasema kinyume. William alifukuzwa juu ya pesa, na ile iliendelea kumuuma. Alikwenda kwenye maktaba ndogo ya shule ya msingi kwa sababu alikuwa anatafuta njia ya kubaki mwanafunzi. Vitabu alivyovikuta vilikuwa vya msaada, na kulikuwa mama mmoja wa maktaba aliyemuachia asome. Watu walipojua kazi yake, hakusema "sasa najua vya kutosha". Alirudi masomoni, akaendelea mpaka akamaliza katika chuo cha Dartmouth, Marekani, mwaka 2014. Filme yenyewe inagusa hayo mwishoni, kwa maandishi, wakati watu tayari wanatafuta viatu vyao.

Kwa hiyo nimeacha kuuliza kama filme ni "sawa na kitabu". Hakuna filme iliyo sawa na kitabu. Wakikata rafiki mmoja, wakibadilisha mahali pa mazungumzo, wakimpa baba hasira zaidi, hayo ni haki yao. Mimi sasa nauliza: je, sababu ya mambo imebaki ileile? Kilicholeta maumivu kwenye kitabu, njo kinachoyaleta kwenye filme? Kilichoponya, njo kinachoponya? Kwa upande wa baba na mtoto, Ejiofor amepita vizuri. Kwa upande wa njaa, amepata nusu: ugonjwa ameuonyesha kweli, dawa ameibadilisha.

Nilirudi kwa mjomba juma hili na kitabu mkononi. Hasomi Kifaransa haraka, kwa hiyo nilimsimulia ile sehemu ya taa. Nilimwambia kijana alijenga mnara wa miti, watu wakamuita kichaa, kisha akawasha taa moja, ndogo, chumbani kwake. Mjomba akanyamaza kidogo. Akauliza: "Taa tu?" Nikajibu: "Taa tu, kwanza." Akasema: "Basi ile ni ya kweli."

Kisha akaniuliza kama mbegu za maharagwe tulizoongea mwezi uliopita nitazileta lini. Nimeahidi kabla ya mvua. Ninyi wenye filme ingine iliyowaumiza moyo namna hii, mutuambie: ilibadilisha nini hasa?