Anayepanda Humpisha Anayeshuka

Watu wengi wanaopanda meli ya matembezi mjini Basel, Uswisi, na kushuka Amsterdam baada ya wiki moja, hurudi kwao wakisimulia makasri, mashamba ya mizabibu yaliyoning'inia kwenye miteremko, na minara ya makanisa ya Strasbourg na Köln. Ni haki yao, maana hayo ndiyo waliyolipia. Lakini juu yao, katika chumba kidogo cha vioo, kuna mtu aliyeutazama mto uleule akaona mambo mengine kabisa: mkunjo wa maji unaofichua mwamba, kasi ya mkondo penye kona, moshi wa chombo ambacho bado hakijachomoza. Huyo ndiye nahodha wa mto Rhine, na kazi yake inastahili kutazamwa kwa utulivu.

Rhine una urefu wa kilomita zipatazo 1,230 kutoka milima ya Alpi hadi bahari ya Kaskazini, na ndio njia ya maji yenye shughuli nyingi kuliko mito yote ya Ulaya. Si mto wa kuchezea. Zamani, sehemu yake ya juu ilitapakaa kwenye vijito na visiwa visivyohesabika, mpaka mhandisi Johann Gottfried Tulla alipoanza mwaka 1817 kuikata mizunguko yake. Kazi ilikamilika mwaka 1876, miaka mingi baada ya kifo chake, na mto ukawa umefupishwa kwa kilomita 81 hivi. Mto uliofupishwa hukimbia zaidi. Leo kati ya Basel na Iffezheim kuna malango kumi ya maji, yanayoishusha meli ngazi kwa ngazi zaidi ya mita 100. Baada ya Iffezheim hakuna lango tena hadi Uholanzi. Mto unaachiwa, na kuanzia hapo nahodha hana mlango wa chuma wa kumzuilia maji.

Tuanze na chombo chenyewe. Meli kubwa za matembezi katika mto huu zina urefu wa mita 135, kuzidi uwanja wa mpira, ilhali upana wake haufiki mita 11 na nusu. Umbo hilo halikuchaguliwa kwa urembo. Limeamriwa na malango ya mito jirani, Mosel na Main, ambayo yana upana wa mita 12 tu. Kwa hiyo mjenzi wa meli amepewa kipimo na waashi wa malango, kisha akatakiwa aingize humo vyumba vya kulala, jiko, ukumbi wa chakula na mitambo, bila meli kuzama sana wala kunyanyuka sana. Ikizama sana itagusa changarawe. Ikinyanyuka sana haitapita chini ya madaraja. Chumba cha usukani hupandishwa na kushushwa kwa mitambo ya mafuta, na vyuma vya kushikilia vya sitaha ya juu hulazwa daraja linapokaribia. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Nyingi kati ya meli hizi zimeundwa Neptun Werft, karakana ya Rostock iliyo chini ya kampuni moja na Meyer Werft ya Papenburg. Msomaji wa Kigoma anaijua kazi ya Meyer hata kama hajui jina lake: ndiyo iliyojenga mwaka 1913 meli ya Graf von Goetzen, iliyofunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye makasha kama 5,000, ikapelekwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi ziwa Tanganyika. Leo tunaiita Liemba.

Sasa mtazame nahodha akiingia lango la Mosel. Upana wa meli ni mita 11.45 na wa lango ni mita 12. Ukigawa kilichobaki, kila ubavu una sentimita 27 na nusu, na kuna abiria zaidi ya mia wanakunywa chai ndani. Nahodha anatoka kwenye kiti chake cha kati na kusimama kwenye meza ndogo ya usukani iliyo pembeni kabisa mwa sitaha, ili macho yake yafuate ubavu wa meli moja kwa moja hadi omo. Baharia aliye mbele anamsomea umbali kwa redio, kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Meli inakwenda mwendo wa mtu anayetembea, kisha chini ya hapo. Inapoingia, inayasukuma maji yaliyomo, na maji hayana pa kutokea ila kurudi nyuma kupitia upenyo uleule mwembamba wa mbavuni na ule wa chini. Maji yanaisukuma meli itoke. Nahodha akipunguza nguvu mno, meli husimama au hupinda. Akizidisha, atashindwa kuisimamisha kabla ya mlango wa pili. Vidole vyake viko kwenye vishikizo vidogo, na vinasogea kidogo sana hivi kwamba asiyejua atadhani vimelala.

Milango ikishafungwa, kazi inahamia kwa mabaharia. Kamba hupitishwa kwenye vigingi vya chuma vilivyopangwa ukutani, kimoja juu ya kingine. Maji yakipanda, baharia anaitoa kamba kwenye kigingi cha chini na kuitupia kile cha juu, tena na tena. Kamba haifungwi ikakaza. Maji yakishuka na kamba imefungwa, meli itaning'inia ukutani. Baharia mzuri anaizungusha kamba kwenye nguzo ya sitaha na kuishika mwisho wake mkononi, akiilegeza na kuivuta kadiri meli inavyomwambia. Hana haraka na hatupi maneno. Nimewatazama watu wa kazi hii nikatamani kila fundi awe na mkono kama ule: unaojua kushika bila kung'ang'ania.

Lakini mtihani mkubwa wa Rhine uko kati ya Bingen na St. Goar, katika bonde jembamba ambalo UNESCO iliandika kuwa urithi wa dunia mwaka 2002. Hapa mto umebanwa na milima ya mawe. Kwenye jiwe maarufu la Loreley, linalosimama takriban mita 130 juu ya maji, mto unajikunja, unakuwa mwembamba sana, na mkondo unakimbia. Kona moja inafuatwa na nyingine, na mwamba unaziba macho. Meli mbili ndefu zikikutana ghafla penye kona, hakuna nafasi ya mjadala.

Suluhisho lake ndilo jambo ninaloliheshimu kuliko yote katika ufundi huu. Kanuni ya Rhine inasema chombo kinachopanda mto ndicho kinachokipa njia kinachoshuka. Sababu ni ya kimaumbile. Anayeshuka anabebwa na mkondo. Lazima aende kasi kuliko maji ili usukani wake ushike, na kusimama kwake ni kugumu. Anayepanda amepewa breki na mto wenyewe: akipunguza moto, maji yanamzuia. Basi wajibu umewekwa juu ya mwenye uwezo. Aliye na nguvu ya kusubiri ndiye anayesubiri, na ndiye pia anayechagua upande wa kupishana. Kwa kawaida hupishana kushoto kwa kushoto. Akitaka kulia kwa kulia, labda kwa sababu mkondo wa kona unamtupa upande ule, huonyesha ubao wa buluu wenye taa nyeupe inayomeremeta, na yule anayeshuka hujibu kwa ubao kama huo. Mazungumzo yote yamekwisha.

Ili anayepanda ajue nani anashuka nyuma ya mwamba, kuna vituo vya ishara kandokando ya maji kati ya Oberwesel na St. Goar. Zamani walinzi walisimama hapo na bendera. Tangu mwaka 1972 ni taa: mstari uliolala una maana kwamba hakuna anayeshuka katika kipande hicho, mistari ya mshazari ina maana yupo. Nahodha anayepanda huisoma, anapiga hesabu atakutana naye wapi, na kama ni kwenye kona mbaya, anapunguza mwendo mapema na kumngojea mahali papana. Abiria haoni chochote isipokuwa meli iliyokwenda taratibu kidogo, akafurahi kwamba amepata nafasi ya kupiga picha ya kasri.

Mto huu haumsamehe anayedharau hesabu. Tarehe 13 Januari 2011, meli ya mizigo Waldhof, iliyobeba tani 2,400 za asidi ya salfa, ilipinduka karibu na Loreley. Mabaharia wawili kati ya wanne walipoteza maisha. Uchunguzi ulionyesha kwamba jinsi matangi yake yalivyopakiwa iliifanya meli ikose uthabiti. Kila nahodha wa Rhine anaijua habari hiyo.

Kuna pia hesabu ya kina. Kwenye mji mdogo wa Kaub kuna kipimo cha maji kinachofuatiliwa na wenye vyombo kuanzia Uswisi hadi Uholanzi, kwa kuwa hapo ndipo maji yanapopungua zaidi. Oktoba 2018, baada ya kiangazi kirefu, kilisoma sentimita 25. Asiye wa kazi angesema mto umekauka. Nahodha anajua kwamba sifuri ya kipimo hicho si sakafu ya mto. Kwenye njia ya vyombo huongeza zaidi kidogo ya mita moja ndipo apate kina halisi. Kisha anakumbuka jambo jingine: meli ikienda kasi kwenye maji machache, maji yanayopita chini yake hukimbia, na meli hukaa chini zaidi kuliko ilivyokuwa imetulia. Kwa hiyo penye kina kidogo hupunguza mwendo, naye huisikia sakafu ya mto kupitia mtetemo miguuni mwake. Maji yakikataa kabisa, abiria hupandishwa mabasi na kuchukuliwa na meli nyingine iliyo upande wa pili wa kina kifupi. Kujua siku ya kutokwenda nako ni ufundi.

Ujuzi huu haupatikani darasani pekee. Vipande vya mto vyenye hatari humtaka nahodha athibitishe kwamba anavijua kwa kuvipita, si kwa kuvisoma. Rada ipo, ramani za kielektroniki zipo, na kando ya mto kuna mbao za namba zinazohesabu kila kilomita kuanzia daraja la Konstanz. Lakini changarawe husogea, na mafuriko ya kila mwaka hubadilisha mkao wa maji. Ramani humwambia nahodha mto ulivyokuwa siku ulipopimwa. Macho yake humwambia ulivyo asubuhi hii.

Tazama hata anavyotia nanga mjini Rüdesheim au Koblenz akiwa anashuka. Haendi moja kwa moja gatini. Anaigeuza meli yote, mita 135, katikati ya mto wenye vyombo vingine, mpaka omo yake ielekee mkondo. Kisha anaiachia meli nguvu kiasi cha kulingana na maji tu, isiende mbele wala nyuma, na kuiteremsha kwa ubavu polepole hadi gati. Mkondo uliokuwa ukimsukuma sasa unamsaidia kusimama.

Bei ya tiketi ya safari hizi si ndogo, na wengi hununua starehe. Lakini ukibahatika kwenda, usilale wala usijifungie ukumbini meli inapoingia bonde lile baada ya Bingen. Panda sitaha ya juu, mtafute anayekuja akipanda, tazama nani anapunguza mwendo, na uangalie ubao wa buluu. Meli ikishafungwa kamba jioni, mpe nahodha mkono umshukuru. Kazi yake imefanikiwa kiasi kwamba abiria wengi hawajui ilifanyika, na hiyo ndiyo sababu anastahili kuambiwa.